Plagi Iliyoingia Upande

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Hapana, tusidanganyane, ulikuwa themanini na tano, maana themanini na nne gereji ile ilikuwa bado haijapigwa bati upande wa nyuma, na siku hiyo kazi ilifanyika kivulini. Basi asubuhi na mapema mkunga alilirudisha gari lake dogo likigonga na kutetemeka kama cherehani bovu. Alikuwa amelichukua jana yake tu, limefungwa plagi mpya nne. Ya tatu ilikuwa imechomoka na kuzoa nyuzi zote za skrubu ndani ya tundu lake kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini.

Fundi, mzee waliyemwita Taratibu, aliinama, akamulika tochi. Hedi ya alumini ni laini. Plagi ikianza kuingia upande, kisha ukailazimisha kwa spana, inajichongea njia yake na kuiua ile ya zamani. Ndiyo maana pale gerejini kulikuwa na sheria moja tu: vidole kwanza, spana baadaye. Hivyo ndivyo alivyomfundisha binti yake, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili na fundi kamili. Jana yake walilishika gari lile wote wawili, huyu upande huu, yule upande ule, huku wakipiga soga.

"Nilifunga mimi," binti akamwambia mkunga kabla hajaulizwa. "Unisamehe, shangazi. Utaondoka nalo leo leo."

Mkunga akasema yeye amekwisha kupokea watoto waliotanguliza miguu, sembuse plagi iliyokwenda upande. Akaketi kwenye benchi, akasinzia.

Mzee alimtazama binti yake. Kuna jambo hakuwa amemwambia mtu: kwa miezi kadhaa ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi. Hata kifungo cha shati alikifunga kwa macho. Kama plagi ile aliifunga yeye, basi miaka arobaini ya ufundi ilikuwa imefika ukingoni, na alitaka kujua.

Seremala wa jirani alipita na ubao begani, akauliza kama siku hizi plagi zinapigiliwa, maana misumari anayo. Binti alicheka sana. Mzee alicheka nusu.

Hawakuifungua hedi. Mzee alipaka grisi nene kwenye mifereji ya tapu, kile chuma cha kuchongea nyuzi, ili vumbi la alumini linate humo lisidondokee ndani ya silinda. Akaizungusha nusu mbele, robo nyuma, akaitoa, akaifuta, akapaka tena. Kazi hiyo haikuhitaji ncha za vidole. Ilihitaji viwiko na subira, na hivyo alikuwa navyo tele. Binti alisimama mbele ya gari akipima kwa jicho, akisema tu, "Kulia kidogo, baba. Hapo hapo." Kisha wakapuliza tundu kwa pampu, wakaizungusha injini bila plagi ili iteme kilichobaki, wakaingiza kibushi, kijibomba kifupi cha chuma chenye nyuzi ndani na nje, kiwe tundu jipya.

Ikabaki plagi yenyewe. Mzee aliichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli, akaizungusha kwa huo mpira. Mpira hauna ubishi. Plagi ikienda upande, wenyewe huteleza. Uliteleza mara mbili. Mara ya tatu plagi ikashika, ikashuka bila neno. Binti, ambaye hakuwahi kumwona akitumia mpira, alimpa spana na kutazama pembeni.

Gari liliwaka, likatulia. Mkunga akaenda zake.

Walipokuwa wakinawa kwenye ndoo, mzee aliuliza. Binti aliendelea kusugua mikono iliyokwisha kutakata, akauliza nani kaiweka wapi taulo. Mzee aliuliza tena mwaka uliofuata, na tena siku aliyomkabidhi funguo za gereji, na kila mara binti alikuwa na kitu cha kufuta au cha kutafuta.

"Mwanangu, ile plagi ya tatu, ni wewe uliyeifunga au ni mimi?"