Shingo ya Mwalimu wa Udereva

Mhamiaji wa mtaa wa Malvern, Johannesburg, anayetaka leseni ya gari huambiwa na wenzake neno moja tu: nenda kwa Mama Lerato. Jina lake hasa ni Hedwiga. Alizaliwa Morogoro, akaolewa na Mzwandile, Msauzi aliyeishi huko uhamishoni miaka ya ukombozi, na Afrika Kusini ilipofunguka wakahamia kwao mume. Hedwiga alipofika Johannesburg hakuwa amewahi kushika hata baiskeli. Alijifunza gari ukubwani, akafeli, akarudia, akapita, na kwa kuwa hakusahau uchungu wa kufeli, akaanza kufundisha wengine.

Gari lake ni dogo, jeupe, lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Zamani ukipita Barabara ya Jules asubuhi ungemsikia kabla hujaliona gari.

"Kioo! Kioo! Bega!"

Bega ndilo lililokuwa dini yake. Aliwaambia wanafunzi kwamba kioo hakionyeshi kila kitu. Pikipiki hujificha palepale kioo kinapoishia. "Geuza shingo, baba. Mungu hakukupa shingo ya kuvalia tai tu."

Rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, lilimwota taratibu, na kwa miaka alilichukulia kama jambo la ukoo, maana mama yake alikuwa nalo, na shangazi yake pia. Alilifunika kwa skafu, akaendelea na kazi. Kisha mkanda wa kiti ukaanza kumsugua kooni. Kisha pap kavu, ule ugali wa Sauzi, ikawa haishuki bila maji. Mwishowe akawa hawezi kulala chali. Akilala hivyo alihisi kama mtu amemkalia kooni, na mito ikazidi kurundikana kitandani mpaka Mzwandile akasema wamebaki kulala wamekaa kama abiria.

Binti yao Lerato, mwalimu wa shule ya msingi, husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku moja alimtazama mama yake akinywa chai kwa shida, akajibu kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika. "Eish, Mama. Kesho twende hospitali. Mimi si nauliza."

Wakaenda. Akapigwa picha ya shingo, akachomwa sindano nyembamba ya kuvuta chembechembe za uvimbe zikapimwe. Majibu hayakusema ndiyo wala hapana. Daktari wa upasuaji, mama mmoja wa Durban mwenye sauti ya upole, aliwaeleza kwamba tezi imekua mpaka imeanza kusukuma bomba la hewa, na kwa kuwa sindano imeshindwa kutoa jibu, ni heri itolewe yote.

"Nitapasua hapa chini, kwenye mkunjo wa ngozi," alisema, akijigusa shingo yake mwenyewe. "Nyuma ya tezi unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Nitaulinda, lakini sauti inaweza kukwaruza kwa wiki kadhaa, na kwa watu wachache hairudi kama zamani. Tena kuna vitezi vingine vidogo kama punje za mchele, vinavyosimamia kalsiamu mwilini. Vikishtuka, utahisi midomo na vidole vinachomachoma. Ukihisi hivyo, usinyamaze. Na shingo ikivimba ghafla, au pumzi ikibana, ita msaada papo hapo."

Lerato alikuwa amemshika mama yake mkono, akingoja swali la sauti, au lile la saratani. Hedwiga aliuliza jingine.

"Na kugeuza shingo? Nitaigeuza lini?"

"Kugeuza?"

"Daktari, mimi kazi yangu ni shingo."

Alipoelezwa ni kazi gani, daktari hakucheka. Alisema shingo itakakamaa, atapewa mazoezi, na asiguse usukani mpaka aweze kugeuka haraka bila maumivu. "Wewe mwenyewe ndiwe utakayejua. Unawapima watu kila siku. Siku hiyo utajipima."

Wengine wangewaambia wanafunzi kwamba wanasafiri. Hedwiga alivua skafu ndani ya gari, mbele ya Révérien, Mrundi fundi wa majokofu aliyekuwa ameufeli mtihani wa barabarani mara kadhaa na alikuwa amepewa tarehe nyingine.

"Tazama vizuri, usione haya. Hili linatolewa. Nikitoka huko sitakuwa na nguvu, na sauti huenda nisiwe nayo."

Révérien akauliza, "Mama Lerato, na sauti isiporudi?"

"Utatazama mikono yangu. Haya, washa gari."

Asubuhi ya operesheni hakula wala kunywa. Alimwombea Mzwandile badala ya kuombewa, maana mzee yule, aliyevuka mipaka mingi ujanani bila kutetereka, alikuwa akimuuliza kila muuguzi aliyepita kama daktari amefika. Wauguzi wakamsukuma Hedwiga mpaka chumba cha upasuaji, wakampa nusukaputi, na kitu alichokumbuka baadaye ni taa tu.

Alipozinduka koo lilimuuma kama aliyemeza mchanga. Ni ule mpira wa kupumulia, muuguzi alimweleza. Kichwa kilikuwa kimeinuliwa kwa mito, na mrija mwembamba ulitoka pembeni ya bandeji ukichuruzisha damu kidogo kwenye kichupa.

"Mama, niambie jina lako," muuguzi alisema.

"Hedwiga." Ilitoka kama karatasi inayochanwa. Lakini ilitoka. Machozi yakamshuka mpaka masikioni, naye hakuyafuta, kwa kuwa kila alipoinua mkono shingo ilimvuta.

Siku iliyofuata, akiwa anakunywa uji, midomo ikaanza kumtambaa kama ina sisimizi. Kisha ncha za vidole. Mwanamke wa kitanda cha jirani alimwambia ni uchovu, atulie asije akawasumbua wauguzi. Hedwiga ana heshima zake, lakini hakutulia. Akabonyeza kengele, akaonyesha midomo, akaonyesha vidole. Damu ikachukuliwa, kalsiamu ikakutwa imeshuka, akatundikiwa dripu na kupewa vidonge vikubwa vya kutafuna. Ndipo sisimizi wakaondoka.

"Umefanya vyema kusema," daktari alimwambia alipopita. "Wengi huvumilia mpaka mikono inakakamaa."

Nyumbani, Mzwandile alitawala jiko kama mkuu wa kambi. Alipika uji laini, supu, maboga ya kupondwa, na mkewe alipoinama kunyanyua ndoo alimkemea kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kixhosa: "Hedwiga! Weka chini! Unataka kidonda kifumuke?" Akaweka chini. Hilo ndilo lililomshinda kuliko kisu: kukaa. Alichoka kwa kupanda ngazi za mlangoni. Alisikia baridi jua likiwaka, na kuna mchana alilia kwa sababu mkate umeisha. Akadhani akili inamtoka, mpaka kliniki wakampima damu na kumwambia dozi ya kidonge chake bado ni ndogo. Kidonge hicho kinafanya kazi ya tezi iliyotolewa, naye atakimeza maisha yake yote: kila asubuhi, kwa maji matupu, kabla ya chai, na mbali na kalsiamu isije ikakizuia. Wakakiongeza. Taratibu mwili ukaanza kumrudia.

Majibu ya maabara yalipokuja, Lerato aliyasoma kwanza, kisha akapiga yowe la Kixhosa ambalo halikuhitaji mkalimani. Haikuwa saratani. Mzwandile alitoka nje akasimama uani kwa muda mrefu akijifanya anakagua mabomba.

Mazoezi ya shingo Hedwiga aliyafanya dirishani: kushoto pole pole, kulia pole pole, mabega yashuke. Mwanzoni aliona ukuta wa jirani tu. Baada ya muda akaona na lango lake.

Tarehe ya mtihani wa Révérien ikakaribia na Hedwiga hajaweza kushika usukani. Basi alipanga hivi: Mzwandile, mwenye leseni, akae mbele karibu na breki ya mwalimu; Révérien aendeshe; yeye Hedwiga akae nyuma. Sauti yake ilikuwa mnong'ono, na injini ya gari lile haijui kunong'ona.

Wakafika kwenye taa za barabarani, robot ya kwanza. Ikageuka kijani, Révérien akaondoka, akataka kuhamia njia ya kushoto. Akangoja. Alikuwa anangoja yowe kutoka kiti cha nyuma.

"Sisikii kitu, Mama!"

Hedwiga alimgonga begani kwa kidole. Révérien akageuka, akaona pikipiki ya mleta chakula palepale ubavuni, akatulia ikapita. Robot iliyofuata akagongwa tena. Walipofika mwisho wa barabara alikuwa ameanza kujisemea mwenyewe, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti ya mtu anayeendesha ibada: "Kioo. Kioo. Bega." Mzwandile alicheka akijipigapiga mapaja. Nyuma, Hedwiga aliuondoa mkono wake akaukunja pajani, maana haukuhitajika tena.

Siku ya mtihani Révérien alizunguka mji mzima akijiamrisha kwa mdomo wake, mtahini akimtazama kwa mshangao. Kwenye mlima, aliposimamishwa na kuondoka tena, gari halikurudi nyuma hata kidogo. Alipopita hakupiga simu. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akaushika mkono wa Hedwiga kwa mikono miwili, akashukuru. "Merci, Mama. Merci sana."

Tangu hapo Hedwiga hafundishi kwa kupaza sauti. Sauti imerudi, nzito kidogo kuliko zamani, na noti za juu kwenye kwaya yake ya kanisa amewaachia wengine. Lakini ndani ya gari mwanafunzi ndiye anayetamka, mwalimu husikiliza. Watu wengi zaidi hupita sasa. Anapoulizwa siri, husema hana.

Lakini kabla ya kurudi kwenye kiti cha mwalimu alijipima mwenyewe kwenye uwanja mtupu wa kanisa, Jumamosi moja, Lerato akiwa amesimama mahali palipojificha nyuma ya gari. Aligeuka kushoto, akamwona. Aligeuka kulia kwa ghafla, hakuna kilichouma. Akafungua kioo na kusema, "Ingia, twende sokoni."

Jumatatu alipokea mwanafunzi mpya, Arlène, Mkongomani auzaye vitambaa. Arlène hakutazama usukani. Alitazama mstari mwembamba uliolala kwenye mkunjo wa shingo ya mwalimu wake, shingo isiyofunikwa.

"Mama, hii alama ya ku shingo, ni nini ilikufanyaka?"

"Rovu. Walilitoa," Hedwiga alisema, akifunga mkanda. "Nikakaa, nikapona. Nawe kama una la kuuliza kuhusu hilo, tutaliongea kwenye chai. Haya, mama, ufunguo."