Kicheko cha Akiba

Wivine Kanyere anauza vikwembe Walikale-centre, duka la tatu ukitoka sokoni, mlango wa bluu. Siku hizi ukitafuta statuti yake kwenye simu utaikuta tupu kama sahani ya mgeni aliyechelewa. Wateja wapya wanadhani amefilisika. Wale wa zamani hawaulizi. Wanaingia, wanachagua kitambaa, wanapimiwa, wanatoka. Miaka miwili iliyopita hakuna muntu angeamini kwamba ukimya ungeweza kukaa ndani ya nyumba ile hata dakika tano.

Maana wakati ule walimwita Redio Wivine. Alfajiri, jogoo bado anasafisha koo, yeye alikuwa amekwisha kusema bonjour kwa watu elfu moja na mia mbili. Saa nne aliweka video ya vikwembe vipya. Saa saba alijirekodi akila lituma na kueleza rangi gani haionyeshi doa la mawese. Jioni alikuwa direct, hewani papo kwa papo, akiwajibu wachimbaji walioko ndani ya msitu, waliokuwa wakiuliza bei ya vikwembe vya wake zao na, baadhi yao, vya wasio wake zao. Rezo ya simu Walikale inalala inapotaka. Ikipotea mjini unaifuata mlimani, nyuma ya shule, kando ya tanki la maji. Wivine alipanda mlima ule mara mbili kwa siku, jua ao mvua. Albert, mume wake, alikuwa akisema kama angeoa mbuzi, angalau mbuzi angeshuka amekwisha kula.

Biashara ilienda, hilo hakuna anayelibisha. Lakini biashara ya namna hiyo ni kama kulisha nguruwe: haijawahi kusema aksanti, nimeshiba. Wivine akikosa siku moja, watu waliuliza kama anaumwa. Akikosa siku mbili, walihamia duka la jirani. Siku ya tatu jirani mwenyewe alikuwa amechukua picha zake na kuziweka kwake, pamoja na bei.

Kati ya wale elfu moja na mia mbili alikuwemo mama yake mzazi, Mama Françoise, aliyetoka Butembo akiwa kijana na magunia mawili ya chumvi, akafika Pinga, akauza, akabaki. Mama Françoise alikuwa na kasimu ka tochi tu, kasikojua video. Lakini jirani yake Nadine alikuwa na simu kubwa, na kila asubuhi alikuja nayo mkononi kama anavyoleta moto wa kuwashia jiko. Mama alimtazama binti yake kwanza, chai baadaye.

Kwa hiyo Wivine alipunguza kupiga simu. Kwanza ikawa mara moja kwa juma, kisha mara moja kwa mwezi. Mama alipolalamika, binti alikuwa na jibu tayari.

"Lakini Mama, si unanionaka kila siku?"

"Miye minakuonaka," mama akasema. "Weye njo hauniona."

Wivine alicheka sana. Kesho yake aliyasimulia maneno hayo ndani ya video, akiwa amevaa kijani, na watu mia tatu wakamwekea alama ya kicheko. Hakuna kilichopita mbele yake wakati ule bila kuvalishwa kikwembe na kuwekwa dirishani.

Halafu mwili ukaanza kudai zamu yake. Sauti ilikwenda. Mkono wa kushoto ukawa unatetemeka, na mwuza vitambaa asiyeweza kutuliza mkono anakata yadi sita zikatoka tano na nusu. Alilala akiwa amesimama, mkasi mkononi. Jumapili moja kanisani, wakati wa kupeana amani, alimshika mkono mzee wa benchi la mbele akamwambia asisahau kushirikisha wengine. Benchi zima lilicheka. Wivine hakucheka, alikuwa hajajua amesema nini.

Munganga wa kituo cha afya alimpima presha mara mbili, akidhani mashine imeharibika. Akamwambia kwamba mwili wake hauko moteri, na hata moteri watu wanaizimaka. Wiki mbili bila simu, ao atakuja kulala pale kitandani kwa lazima.

Mama Françoise alipopata habari, alituma neno moja: aje Pinga, apumzike kwake. Kitanda kipo, kuku wapo, na yeye mwenyewe yupo, kwa sasa.

Wivine akapiga hesabu. Pinga ni siku mbili za pikipiki na matope. Pinga kuna rezo. Pinga kuna Nadine na simu yake, na majirani watakaotaka kupiga naye picha. Ng'ambo ya mto Lowa, kwenye mashamba ya mama mkwe, hakuna rezo, na mama mkwe ni muntu wa maneno kumi kwa siku, manne kati yake akiyasema kwa kuku. Akamjibu mama yake kwamba atakuja Noeli.

Lakini duka? Ndipo akapata akili aliyoiona kubwa kuliko zote za maisha yake. Falone, msuka nywele wa mlango wa pili, rafiki yake tangu shule ya primaire, alikuja kushika simu. Kwa siku tatu walirekodi video ishirini na moja. Kila video kikwembe kingine, kitambaa kingine cha kichwa, hereni zingine, na kila moja ilianza kwa maneno yale yale: "Bonjour wapenzi, leo nimeamuka vizuri." Baada ya ile ya tisa Wivine aliketi juu ya magunia akalia, bila sababu anayoweza kuitaja. Falone akampa kitambaa, Wivine akajipangusa, akapaka rangi ya mdomo upya, akacheka kwa ajili ya ile ya kumi.

Kisha akamwachia Falone simu na amri. Kila asubuhi apande mlimani, aweke video moja, ashuke. Simu iwe bila sauti. Asifungue mesaji ya muntu, asipokee simu ya muntu, hata kama ni Papa mutakatifu anaagiza kanzu, kwa sababu ni mesaji njo zilikuwa zinamla. Mama yake hakumwambia kitu. Aliona haina haja: mama angemwona kila asubuhi kama kawaida.

Ng'ambo ya Lowa alilala siku nne kama muntu aliyepigwa. Siku ya tano mkono uliacha kutetemeka. Alimenya karanga. Alikula sombe bila kuitafutia mwanga mzuri wa picha. Siku ya kumi na tatu alijikuta anaimba akiosha miguu mtoni, na mama mkwe akatumia matano kati ya maneno yake ya siku ile kumwambia kwamba sasa sauti yake imerudi.

Aliporudi mjini, mashavu yamejaa, Falone alimkabidhi simu kwa fahari. Video kumi na nne zilikuwa zimewekwa, hakuna hata moja iliyochelewa. Mesaji mia sita na kumi na mbili zilikuwa zinangoja. Wivine akaketi kwenye kiti chake na kuanza na wateja. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mkono wake: oda kwanza, salamu baadaye. Akawajibu watu tisa. Wa kumi alikuwa anauliza kikwembe cha njano cha juzi, na katika kulitafuta jina lake Wivine alishuka chini, akaona "Mama Pinga". Odio kumi na mbili, ujumbe wa sauti mmoja kwa kila siku, zimetoka kwenye simu ya Nadine. Chini yake, simu kumi na saba ambazo hazikupokelewa. Na mesaji mbili za Tantine Epiphanie, dada ya mama yake, ambaye hajawahi kuandika mesaji bila sababu.

Ya kwanza ilikuwa ya juzi, saa kumi na mbili asubuhi. Mama ametutoka. Kitambaa kinakungojea. Jibu tu, tutangoja.

Ya pili, saa tatu asubuhi ile ile. Tumekuona. Tunazika.

Kwa ukoo wao, mama akifa, mikono yote inaweza kumwosha, lakini kitambaa cha mwisho cha kichwa kinafungwa na binti yake. Sanduku halifungwi kabla. Kama binti yuko mbali, anatuma neno, na wanamngoja hata siku mbili; munganga anajua sindano ya kuzuia mwili usiharibike. Binti asiyetuma neno ni binti aliyekataa. Na asubuhi ile, wakati wanawake wa Pinga walikuwa wameketi chini wakingoja jibu, Falone alikuwa amepanda mlimani, akaweka video ya kumi na tatu. Wivine katika njano. Anacheza. Anaeleza namna ya kufunga kitambaa cha kichwa ili kikae siku nzima.

Falone alikuwa bado amesimama pale, anangoja kupongezwa. Wivine akamwonyesha kioo cha simu.

"Niliona jina," Falone akasema polepole. "Nikawaza nitakuambia ukirudi. Uliniambia hata kama ni Papa mutakatifu."

"Nilikuambia," Wivine akasema.

Na hilo ndilo lililomuuma: hakupata hata muntu wa kumkasirikia.

Siku mbili za pikipiki alizozikataa alizipata zote, na matope yake, na mabarieri yake ambapo wenye bunduki walimwangalia na kusema, huyu si ule wa video? Kwenye barieri ya tatu mmoja alimwomba acheze kidogo. Odio kumi na mbili zilikuwa mfukoni. Hakuzifungua.

Pinga wanawake walikuwa bado kwenye mikeka, siku ya mwisho ya kilio. Walimwona akishuka, na sauti ya kulia ikapungua badala ya kuongezeka, jambo ambalo halifanyiki. Tantine Epiphanie hakunyanyuka. Wivine alipiga magoti akajaribu kueleza: haikuwa siku ile, video ni ya zamani, zote walizirekodi mapema, yeye alikuwa shambani, hakujua. Alieleza vizuri. Kueleza ndiyo kazi yake.

Tantine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulicheka mbele ya wakati," akasema, "ukatuwekea akiba."

Walimsogezea mkeka, si ule wa mabinti, ule wa wageni karibu na mlango, na mwanamke mmoja akamletea maji, kwa sababu mgeni anapewa maji.

Jioni, jua halijazama, Nadine alimpeleka kaburini. Njiani alimwambia alichokuwa anaogopa kukisema mbele ya wengine. Tantine alikuwa amekataa kufunga kitambaa, akisema haiko kazi yake. Mikono ya wengine ilikuwa inaogopa. Muda ulikuwa unakwenda. Basi Nadine akaiweka simu juu ya kifuniko cha sanduku, akaifungua video, akafuata. Kunja pembe mbili. Zungusha nyuma. Vuta, lakini usikaze juu ya masikio. Alirudia mara tatu ndipo kikakaa.

"Nilizima sauti," Nadine akasema. "Nilibakiza mikono yako tu."

Kisha akamwacha peke yake, na Wivine akaketi juu ya udongo mbichi akafungua odio ya kwanza.

Alikuwa amezoea kusikia wateja wakimjibu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna muntu, kila asubuhi, anayejibu ile bonjour.

"Bonjour mutoto yangu," mama alisema. "Unasema umeamuka vizuri. Aksanti Mungu. Miye niliamuka na kifua, lakini itapita."

Ya pili: bluu inakupenda. Ya tatu: kifua bado, Nadine ameleta munganga, usihangaike. Ya nne, Wivine aliirudisha nyuma mara mbili.

"Leo umecheza muzuri. Lakini mukono wa kushoto iko natetemeka. Watu hawaone, miye nimeona. Nani anakusaidiaka kazi, mama? Kuya ulale kwangu. Ata siku moja."

Ya tano alikuwa anauliza mbona hajibu, kisha akajijibu mwenyewe kwamba ni kazi. Ya sita, ya saba. Kila moja ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia. Ya tisa alisema tu: bonjour, kikwembe hiki ni kizuri, nikipona nitanunua. Ya kumi na moja ilikuwa ni jina la Wivine peke yake, na kikohozi.

Wivine alikuwa anazijibu. Alianza kwa kunong'ona, halafu akasema kwa sauti kamili, ile sauti iliyorudi mtoni: bonjour Mama, mukono iko muzuri sasa, angalia, bonjour Mama, ile bluu nitakuletea, bonjour Mama, nimekuya.

Ilibaki ya kumi na mbili. Ndani yake hakukuwa na neno la mama. Kulikuwa na pumzi, inayopanda polepole kama muntu anayepanda mlima na mzigo, na kwa mbali kuku, na sauti ya Nadine karibu kabisa na simu.

"Sema, Mama Françoise. Sema tu. Iko anakusikia."

Sekunde kumi na tisa. Wivine alizisikiliza zote, akafungua mdomo ili ajibu, na ile sauti aliyoipumzisha wiki mbili haikutoka.