Proksi Iliyokataa Kuongezewa Nafasi

Pale chuoni walimwita Mzee wa Kebo, ingawa hakuwa na mvi hata ya kusingiziwa. Alikuwa fundi wa mtandao, na aliyemtia hofu hakuwa mkuu wa chuo bali msajili wa wanafunzi, ambaye pia alikuwa mama mkwe wake.

Wiki ya usajili, proksi, ile seva inayopitisha mtandao wa chuo kizima, ikawa inagoma kila wanafunzi wakijaa. Fundi akachungulia, akakuta inalalamika: mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Linux, mfumo unaoiendesha seva hiyo, huhesabu kila muunganisho kama faili, na proksi hushika mawili kwa mtu mmoja: moja la kwake, jingine la tovuti anayoitaka. Kikomo chake kilikuwa elfu moja na ushee.

Akaingia kwenye faili la mipaka ya watumiaji, akaandika elfu sitini, akaiwasha proksi upya, kisha akaenda ofisi ya usajili kifua mbele.

"Shikamoo mama. Kazi imeisha."

"Marahaba, baba. Imeisha, au umeiacha?"

Hajafika mlangoni kutoka, mtandao ukakatika. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama kama anayeifikiria upya ile ndoa.

Fundi akarudi mbio chumba cha seva, akapandisha namba hadi laki. Wapi. Mwishowe akatazama kikomo ambacho proksi yenyewe ilikuwa ikikitumia: elfu moja na ushee ileile. Hapo akajishika kichwa. Faili alilokuwa akihangaika nalo ni la watu wanaoingia kwa nywila. Proksi haiingii kwa nywila. Huwashwa na mfumo, na kikomo chake huandikwa kwenye mpangilio wa huduma yake. Akaongeza huko mstari mmoja wa elfu sitini, akauamuru mfumo usome mipangilio upya, akaiwasha proksi. Safari hii, kabla ya kumtangazia mtu yeyote, akahakikisha: elfu sitini.

Mchana simu ikaita.

"Mkwe wangu, usajili umekwenda vizuri, nakushukuru. Ila sasa makarani wangu wote wanatazama mpira. Huwezi kuurudisha ule ubovu kidogo, mpaka saa ya kutoka?"

Fundi akaziba simu kwa kiganja, akacheka mpaka akakaa sakafuni, maana mama mkwe hachekwi sikioni.