Sumaku Haizimwi

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Barabarani na nyumbani aliitwa Kwanini, na hakupewa jina hilo na adui. Alipokuwa mdogo aliuliza kwa nini maji huanza kuchemka kwenye kitako cha sufuria, kwa nini jogoo hawakohoi, kwa nini watu hunong'ona hospitalini, mpaka mama yake akawa anamtuma dukani ili apumzishe masikio. Utoto ukaisha, maswali yakabaki. Mumewe husema kwamba siku ya posa alihojiwa kuliko mshtakiwa.

Ukubwani Kwanini akanunua lori la kuvuta magari mabovu. Lilikuwa la ndoano: mkono wa chuma nyuma, winchi, minyororo, na uma wa kunyanyulia magurudumu mawili huku mengine mawili yakifuata barabarani. Miaka ishirini alivuta magari ya watu bila kuvunja hata taa, na siri yake ilikuwa gunia. Kabla ya kugusa gari hulitandika gunia chini, akalala chali na tochi, akatafuta shafti, yaani ule mti wa chuma unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Akiiona, anajua magurudumu ya nyuma yameshikamana na injini, hayaburuzwi. Asipoiona, ya nyuma kazi yao ni kufuata tu, basi hunyanyua ya mbele na safari inaanza. Madereva wenzake walimcheka kwamba analala kazini. Hao hao ndio waliounguza giaboksi za wateja, kisha wakaanza kupita njia za uchochoroni.

Asubuhi moja akapigiwa simu na wifi yake. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mkunga wa zahanati, na gari lake lilikuwa la mchanganyiko, linalotumia mafuta na umeme pamoja. Gurudumu la mbele lilikuwa limeingia shimoni likapinda.

"Wifi, njoo unitoe," alisema. "Na uwe mpole nalo. Bila hilo gari sijui nitawafikiaje kina mama wangu."

"Nimewahi kuwa mkali kwa gari la nani mimi?"

Kwanini akatandika gunia, akaingia uvunguni, akamulika. Hakuna shafti. Kwa kuwa gari ni la wifi, akamulika mara ya pili. Hakuna. Akaweka gia huru, akanyanyua mbele, akalivuta kilomita kumi na nane hadi gereji ya magari ya umeme, akiimba njia nzima. Aliposhuka akakutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Akasogeza kiganja karibu na gurudumu la nyuma, joto likamrudisha hatua mbili. Usiku huo hakuimba.

Fundi wa gereji ile aliitwa Glavu, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuona vidole vyake. Kesho yake alimwita Kwanini pembeni.

"Mota ya nyuma imeungua," alisema.

"Mota gani ya nyuma? Nimelala chini ya gari hilo mara mbili!"

Glavu akashusha sauti. "Dada yangu, umeniletea kazi miaka mingi. Gari lenyewe lina umri. Nitamwambia mwenyewe kwamba mota ilichoka. Nani atajua?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi ninayesimulia nadhani ningetoka, tena kwa haraka. Lakini mtu aliyeuliza habari za jogoo hawezi kuondoka gereji na swali tumboni.

"Kwa nini iungue?" akauliza.

"Si nimekwambia yaishe?"

"Nionyeshe."

Glavu akaguna, akalipandisha gari juu kwa jeki kubwa. Kati ya magurudumu ya nyuma palikuwa na chuma cha mviringo, ukubwa wa chungu, kimefungwa kwa vyuma viwili vifupi kuelekea kila gurudumu. Kutoka hapo waya mnene wa rangi ya chungwa ulitambaa hadi mbele.

"Huo waya usiuguse hata gari likiwa limezimwa," Glavu alisema. "Sasa tazama. Injini inaendesha mbele. Nyuma kuna mota yake peke yake. Shafti ya nini? Waya ndio shafti."

"Lakini niliweka gia huru. Na gari lilikuwa limezimwa."

"Gia huru ya gari hili ni maneno ya kompyuta. Vyuma vimebaki vimeshikana. Ndani ya mota mna sumaku. Ukiburuza gurudumu, sumaku inazunguka katikati ya nyaya, na hapo umeme unazaliwa. Ufunguo unazima taa, redio, kila kitu, lakini sumaku haizimwi. Umeme ukakosa pa kwenda, ukageuka joto."

Kwanini akajipiga paja. "Kumbe! Kwa hiyo mimi nilikuwa navuta jenereta!"

Alicheka mpaka Glavu naye akacheka. Kilomita kumi na nane za jenereta! Kitu kizuri namna hiyo kilikuwa kinamfuata nyuma naye anaimba nyimbo. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, maana aliyekuwa akivuta ni yeye. Furaha ya kuelewa na aibu ya kutenda zilimjia kwa mlango mmoja, na zilimuumiza sawasawa.

Hata hivyo hakuondoka mpaka amemaliza maswali. Glavu akamwambia kwamba magari ya namna hii huchukuliwa magurudumu yote manne yakiwa juu, ufunguo ukiwekwa mbali ili gari lisijiwashe lenyewe. Likiwa limegongwa na betri inafoka au inatoa moshi, mtu akae mbali, wala lisiegeshwe karibu na nyumba. Kwanini aliyaandika yote daftarini kwa herufi kubwa, kama mtoto anayeogopa mwalimu.

Kisha akaenda zahanati. Wifi alitoka akikausha mikono, uso umechangamka.

"Wifi! Nimewaambia wote hapa, mwenye gari bovu akuite wewe. Glavu kanipigia, kasema mota ilichoka tu. Tutafanyaje, ajali haina kinga."

Uongo ulikuwa umeshatandikwa, kazi ya Kwanini ilikuwa kuulalia tu. Lakini mficha uchi hazai, na aliyesimama mbele yake ni mkunga.

"Haikuchoka," alisema. "Niliiunguza mimi."

Akaeleza yote, shafti, waya, sumaku, hata kicheko. Wifi alikunja taulo mara nne.

"Na Glavu alikuwa tayari kukufichia."

"Ndiyo."

"Sasa ukakataa kwa nini?"

"Nilitaka kujua. Nikishajua siwezi kujifanya sijui."

"Wiki hii nina kina mama watatu wanakaribia, mmoja ana mapacha," wifi alisema. "Niwafikie kwa kuota mabawa? Ondoka. Leo sitaki kukuona."

Kwanini alilia ndani ya lori, akapiga honi kwa paji la uso bila kukusudia. Alfajiri iliyofuata alikuwa nje ya nyumba ya wifi, injini inanguruma. Wifi akapanda, akaweka mkoba wake mapajani, hakusalimia. Ikawa hivyo siku tisa: mkunga anafika kwa wazazi ndani ya lori la kuvuta mabovu, kimya kama mgeni asiyejua lugha. Mume wa yule mwenye mapacha alipoona minyororo getini alishika kichwa. "Jamani, hali imefika huko?" Wifi aligeuza uso dirishani, mabega yakimtikisika, lakini neno hakutoa.

Gari likapona kwa mota iliyotoka kwenye gari jingine. Kwanini akanunua vitoroli viwili vya kuweka chini ya magurudumu yanayobaki, ili lisiburuzwe hata moja. Wifi akarudi kuendesha mwenyewe, na kimya kikaendelea. Kwanini aliamini ndivyo mambo yatakavyokuwa, na ilimsononesha kila alipokaa mezani na mumewe.

Mchana mmoja mlinzi wa zahanati akapiga simu: gari la umeme la daktari limekufa langoni. Kwanini alipofika, dereva mwingine alikuwa ameshakunjua mnyororo. Kati ya ndoano na gari alisimama wifi na sare yake, mikono ameitanua.

"Mama, nipishe," dereva alikuwa akisema. "Nimevuta magari kabla hujavaa hilo gauni."

"Hili hulivuti. Wifi yangu yuko njiani."

"Ana nini huyo wifi yako ambacho mimi sina?"

"Aliliunguza langu," mkunga alijibu, "akaja kuniambia mwenyewe."