Filimbi Tatu za Mpira wa Kurusha

Jamani, nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Mimi napakia magunia ya kahawa kwenye lori la mzungu hapa Tengeru. Kwa ajili ya mikono hii, Jumapili tulipocheza na timu ya Maji ya Chai nikapewa kazi ya kurusha kila mpira uliotoka.

Mrusho wa kwanza, filimbi! Mpira wakapewa wapinzani wetu. Nikajiuliza, kosa liko wapi? Mikono ilikuwa yote miwili, mpira ulitokea nyuma ya kichwa, na miguu ilikuwa chini. Miguu ingekuwa wapi kwingine?

Wa pili nikarusha kwa adabu zote. Filimbi tena, na safari hii wakatufunga.

Wa tatu, filimbi tena! Nikamfuata mwamuzi, mwalimu wa misheni. "Mwalimu, mikono yangu ina kosa gani?"

"Mikono haina kosa. Hebu rusha tena, halafu usitikisike."

Nikarusha, nikaganda. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mke wangu akapaza sauti, "Baba Eliya, lori liko wapi?"

Nikatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa unaning'inia hewani, kama ninavyousahau kila siku nikirusha gunia.