Kinu Juu ya Tangi

Fundi ameondoka leo asubuhi. Ametoboa ukuta wa sebule yangu, vumbi jeupe limetapakaa mpaka kwenye makochi, lakini tangi la samaki sasa limeshikwa na vyuma. Hata mtu mzima akiliegemea halitikisiki. Mfuniko nao si ule wa kioo tena, ni wa mbao, una komeo huko juu ambako watoto hawafiki. Nyaya za pampu ya hewa zimepitishwa nyuma ya kabati na kubanwa. Vigoda vyote nimevitoa nje. Baba watoto akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akaniambia haya mama, kazi imekwisha. Nikamwitikia tu. Imekwisha vipi, ndugu yangu, wakati mama yangu yuko Kisarawe na simu zangu anazijibu kwa neno moja moja?

Ngoja nikusimulie, maana nisipoyatoa yatanikaa kooni.

Tangi alilileta baba watoto, kutoka kwa bosi wake aliyekuwa anahama. Sisi tunakaa Kibaha, jirani na Maili Moja, nina kaduka kangu ka vitambaa pale, na malori ya barabara ya Morogoro yanatuamsha kabla ya jogoo. Ukirudi jioni umechoka, ukakaa ukatazama wale samaki wa rangi ya chungwa wanavyozunguka bila haraka, moyo unatulia wenyewe. Watoto ndio walipagawa kabisa. Mkubwa, wa kike, aliwapa samaki majina ya wenzake wa shule. Mdogo, wa kiume, ambaye hata miaka mitatu hajatimiza, yeye aliwapa chakula: biskuti, ugali, na siku moja kandambili yangu.

Dada wa kazi alipoondoka, mama alikuja kutusaidia. Siku ile ile aliyofika aliligusa tangi kwa ncha ya kidole, likacheza kidogo juu ya kabati lake. Akaniambia, mwanangu, hiki kitu kifungwe ukutani, mtoto ana mikono. Nikasema nitamwita fundi. Baada ya siku chache akanikumbusha, nikasema fundi ana kazi nyingi. Fundi hakuwa na kazi nyingi. Sikuwa nimempigia.

Basi mchana mmoja mama yuko jikoni na maharage yake motoni, huku nyuma mdogo akavuta kigoda, akapanda, akashika ukingo wa tangi. Tangi likayumba, maji yakamwagika, mfuniko wa kioo ukateleza ukamkata juu ya nyusi. Nilipigiwa simu nikakimbia kutoka dukani. Nilikuta sakafu ina maji na damu, mtoto analia mapajani kwa mama, mama amembana kidonda kwa kanga yake. Kidonda chenyewe kilishonwa kidogo tu, daktari alisema jicho halikuguswa. Lakini mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kabla hata ya kwenda hospitali. Mdomo wangu huu, wanaonijua wanaujua.

Kesho yake mama alikunja nguo zake, akaaga vizuri, akarudi Kisarawe. Nilichomwambia sikukiwaza sana mpaka leo, fundi alipoondoa plastiki tuliyofunikia tangi muda wote huu. Ikapanda harufu ya maji yaliyotulia, maji yenye ukijani na samaki ndani. Nikakaa chini. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko uani kwa bibi.

Nyumba ya bibi, mzaa mama, ilikuwa Kisarawe, juu kwenye mwinuko, imezungukwa na mihogo na michungwa. Mama alikuwa mwalimu Kibaha, na likizo zikifika alitupeleka mimi na mdogo wangu tukakae huko wiki nzima nzima. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na tangi la saruji alilolijenga babu kabla hajafa. Mvua ikinyesha, maji yalishuka batini, yakapita mferejini, yakaanguka humo kwa kishindo ambacho mpaka leo nikikisikia popote nalala usingizi mzuri. Maji ya bomba hayakuwepo. Tangi lile ndilo lililompa bibi heshima pale mtaani. Majirani walikuja na ndoo zao wakati wa kiangazi, wakapiga shikamoo ndefu kuliko kawaida.

Ndani ya tangi aliishi kambare. Bibi alimtia akiwa mdogo ili ale viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya wengi wenye matangi siku zile, akanenepa humo mpaka akawa na ndevu ndefu kushinda za katekista wetu. Bibi alimwita Mpangaji. Alisema anakaa bure, anakula bure, na ukigonga mlango anakuja kukuangalia kama wewe ndiye uliyekosea. Kweli, ukigonga ukingo wa saruji alipanda juu taratibu, akafungua mdomo.

Sasa fikiria watoto wawili wa Kibaha na kambare wa namna hiyo. Bibi hakutudanganya kwamba mna zimwi mle. Alisema mtoto ukimtisha na kitu atakwenda kukitazama ukiwa umelala. Yeye alikuwa na njia zake. Tangi alilifunika kwa bati, na juu ya bati akapindua kinu chake cha mbao, kinu kizito ambacho mimi na mdogo wangu tukisukuma kwa pamoja tuliishia kucheka tu. Na kila jioni, tukishakula, alitupeleka yeye mwenyewe. Alishusha kinu, akavua kanga ya begani, ncha moja akamfunga mdogo wangu kiunoni, ncha nyingine akaizungusha kwenye mkono wake. Ndipo mdogo wangu aliruhusiwa kuinama na kumtupia Mpangaji ukoko wa wali. Mimi nilishika kanga ile ile katikati. Tulisikia maji yakipigwa na mkia, na bibi akicheka puani. Hofu sikuijua kabisa pale.

Mwisho wa likizo moja, mama alikuwa anakuja kutuchukua. Mama alipenda kisamvu cha nazi cha mama yake kuliko chakula chochote, na bibi alijua. Asubuhi alichuma majani mabichi ya muhogo, akayasafisha, akaenda kukichukua kinu. Umeelewa lakini? Kinu ni kile kile. Nyumbani hapakuwa na kingine. Siku zote akitaka kutwanga alitusubiri tulale mchana au alimtuma jirani atuchukue, lakini siku hiyo muda ulimbana na jirani alikuwa shamba. Akaweka jiwe juu ya bati, akaketi mlangoni na kinu chake, akawa anatwanga huku anatuangalia, anatwanga huku anatuangalia. Mimi aliniita nimsaidie kukuna nazi. Nilikaa kwenye mbuzi, mgongo wangu umeelekea tangi.

Jiwe lilipoanguka hatukulisikia, kwa sababu ya mchi.

Bibi ndiye aliyeona uani hamna mtoto. Sijawahi kumwona mzee anakimbia vile. Alimvuta mdogo wangu kutoka tangini kwa mguu mmoja, akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni, mtoto akatapika maji akaanza kulia. Bibi naye akaanza kulia, amekaa chini kwenye tope, amempakata. Na hapo hapo mama akatokea, mkoba wa safari begani, mkate wa siagi aliotuletea uko mkononi.

Mama hakupiga kelele. Alimchukua mtoto kutoka kwa bibi, akamfuta uso, akasema, "Mama, sitakuachia wanangu tena."

Bibi akamjibu, "Nilikuwa natwanga, mwanangu."

Ni hayo tu. Tuliondoka bila kula. Kisamvu kilibaki kinuni.

Hatukukaa tena likizo Kisarawe. Tulikuwa tunakwenda Krismasi, asubuhi kwenda jioni kurudi, na mama hatoki ubavuni mwetu. Mara ya kwanza tuliporudi nilikimbilia kwenye tangi nigonge ukingo. Lilikuwa kavu. Bibi alikuwa amelitoboa kwa chini, maji yote yakaisha, akajaza udongo na kupanda mchicha. Mpangaji alimbeba kwenye ndoo akamwachia mtoni, mwendo wa mbali kwa miguu yake ile. Na maji ya nyumbani? Alikuwa anateka kisimani huko bondeni, anapandisha mwinuko na ndoo kichwani, mzee wa watu, ili uani kwake pasiwe na maji ya kumdhuru mtoto ambaye haachwi kwake tena.

Na alibadilika kwa mengine madogo. Tukimwomba atuogeshe alisema mama yenu yupo, mwambieni yeye. Mdogo wangu akimnyooshea mikono abebwe, bibi alimpa embe au kipande cha muwa, lakini hakumbeba. Kisamvu alikinunua gengeni, kimeshatwangwa. Mama alikula akasema kizuri. Wote tulijua si chenyewe. Miaka ikaenda hivyo mpaka bibi akafa, na sikumbuki hata siku moja kusikia mama akimwambia bibi yale maneno yameisha. Nadhani aliona kuendelea kwenda Krismasi kunatosha. Alipostaafu ualimu akahamia kwenye nyumba ile ile, na mchicha wa bibi akaendelea kuumwagilia.

Sasa nikwambie nilichomwambia mama siku ile, sebuleni kwangu, mtoto akiwa bado anavuja damu. Nilimwambia, "Mama, sitakuachia wanangu tena." Neno kwa neno. Sikujua nimeyatoa wapi, yalikuja yenyewe kama yalikuwa yameniwekea nafasi. Mama alinyanyua uso akanitazama sana. Nilidhani ananikasirikia. Leo, nilipokaa kwenye vumbi la fundi, ndipo nilipojua mama alikuwa anamtazama nani.

Nikainuka, nikamwambia baba watoto washa gari. Hata sebule sikufagia.

Tulimkuta mama uani. Ndoo zote zimepinduliwa, niliziona kabla hata sijamwamkia. Tangi lake la plastiki jeusi, lile la kifuniko cha kuzungusha ambalo hata mimi nalifungua kwa shida, amelifunga tena kwa waya. Mwanangu alimkimbilia, plasta bado iko usoni, mikono juu, bibi, bibi, nibebe. Mama akamshika kichwa, akamwambia nenda kwa mama yako.

Nilipiga magoti pale pale mbele ya watoto. Nikamwambia mama nisamehe, uliniambia kifungwe sikukifunga, kosa ni langu nikakutupia wewe. Akaniinua. Akasema hana kinyongo, maneno ya hasira yanapita, yeye pia ni mzazi. Alisema kwa upole kweli kweli, na nilimwamini. Nikamwambia basi turudi wote Kibaha. Akasema ataona.

Mdogo alikuwa ameshafika kwenye tangi la babu. Saruji imepasuka, mfereji uling'olewa siku nyingi, kinu sijui alikirithi nani. Mvua sasa ikinyesha hapo haina kishindo, inanyonywa tu na udongo wa mchicha. Mtoto anagonga ukingo, anauliza samaki yuko wapi, maana dada yake alimwambia njiani, na mimi ndiye niliyemsimulia dada yake. Akataka apande achungulie.

Mama akavua kanga ya begani. Akamfunga mjukuu wake kiunoni, fundo lile lile, nililitambua. Kisha akaninyooshea ncha ya pili. Nikaipokea, nikaizungusha kwenye mkono wake yeye, taratibu, kama alivyokuwa anafanya bibi. Aliniacha nimalize. Akaitazama kidogo, akaifungua, akanirudishia mkononi.

"Shika wewe," akasema. "Nilikuwa naepua maharage, mwanangu."