Nilimwandikia muuguzi wangu onyo kwenye karatasi aliyoisaini ikiwa tupu

Admin, nifichie jina tafadhali, Morogoro tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 49, tabibu, nina zahanati yangu ndogo huku chini ya milima, na wafanyakazi sita. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila msome mpaka mwisho.

Nilikuwa na muuguzi, nimwite Zena. Tulianza naye tukiwa na kitanda kimoja na mzani wa kuazima. Nikifika asubuhi nakuta ameshapiga deki na wagonjwa wameshapangwa. Akina mama wanaoteremka na mboga kutoka milimani walikuwa wanamuulizia yeye kwa jina, mimi mwenye zahanati naitwa "yule mwingine". Sitadanganya, iliniuma kidogo.

Mwaka jana alipata mtoto. Nikaweka binti mwingine kumshikia nafasi, na yule binti nikampenda, hana maneno na hana mtoto wa kunyonyesha. Zena alipomaliza likizo ya uzazi nikamwambia nafasi imeshajazwa. Hivyo tu, tena nimesimama mlangoni. Akaenda kulalamika kwenye tume ya usuluhishi wa kazi.

Nilipopata wito nikachanganyikiwa, nikamkimbilia binamu yangu ambaye ni afisa utumishi. Akaniuliza, "Dada, faili lake lina onyo hata moja? Halina? Basi umekwisha. Akishinda huyu, hao wengine wote watafuata, na zahanati utafunga."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwangu mfanyakazi akianza kazi anasaini karatasi mbili nyeupe, chini kabisa, "kwa ajili ya faili". Utaratibu huo niliukuta kwenye zahanati ya kwanza iliyoniajiri, na mimi nilisaini bila kuuliza. Za Zena zilikuwepo bado. Nikachukua moja, nikachapa juu ya sahihi yake kwamba alichelewa kazini, akamwacha mgonjwa peke yake, na amelikubali kosa. Tarehe niliibuni tu.

Siku ya usuluhishi akapewa ile barua, mtoto yuko mgongoni. Akaisoma mara mbili. "Sahihi ni yangu," akasema, "ila haya maneno siyajui." Kisha akanigeukia. "Mama, hii si ile karatasi uliyonipa nisaini siku naanza kazi?"

Nikamjibu, "Mimi sikumbuki, Zena."

Hatukuelewana, msuluhishi akatuambia shauri litaendelea kwa ushahidi. Wakati tunatoka Zena akanishikia mlango. "Shikamoo mama," akasema, "asubuhi sikukusalimia." Nikaitikia marahaba. Jamani, niliona aibu.

Niliporudi nikafungua daftari la wagonjwa nione ile tarehe niliyoibuni ilikuwa siku gani. Nilikuwa Mgeta, namzika mama yangu mzazi. Ukurasa mzima ni mwandiko wa Zena, wagonjwa thelathini na mmoja, na yeye zamu hiyo alikuwa peke yake. Chini ameandika: "Mama yuko msibani. Hakuna mgonjwa aliyerudishwa." Siku hiyo ndiyo niliyoandika kwamba alimtelekeza mgonjwa. Nililia kwa sauti mpaka yule binti mpya akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nimemwambia binamu. Hakupepesa hata jicho. "Daftari hilo lipotee," akasema, "barua imeshapokelewa, huwezi kurudi nyuma." Jumanne ijayo nitashika Biblia niape kwamba ile barua ni ya kweli. Nikiapa, Zena atabaki na jina la muuguzi anayetelekeza wagonjwa, na nani tena atampa kazi? Nikisema kweli, nimeghushi, leseni yangu inaweza kwenda, na hawa sita watakula wapi? Lakini hata hili la hao sita, najiuliza kama ni huruma au natafuta pa kujifichia.

Daftari nimelifunga kwenye kitenge, liko kabatini. Binamu atalifuata kesho mchana. Kwa Zena ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nyumba naijua, nilienda kumtazama mtoto alipozaliwa. Ndugu zangu, nishaurini kabla ya kesho mchana: nimwachie binamu, au nilibebe mwenyewe nikampe Zena mkononi?